Joho la Mfalme Lililoshonwa Kangle

Futi ya kupimia nimewaachia kwenye droo ya juu, pamoja na kitambaa cheupe na ile taa ndogo ya kumulikia mishono. Kitambaa msikifue kwa jiki, kitaanza kuwadanganya. Mengine mliyoniomba siku nilipokuwa nikifunga mizigo yangu, kwamba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi Guangzhou, China, miaka ile, nayaandika hapa Morogoro nikiwa nimenyoosha miguu, sina kontena linalonisubiri wala mteja anayepiga simu kuuliza meli imefika wapi. Habari za vyeo mtanisamehe. Cheo kilikuwa kimoja, mkaguzi wa bidhaa, nilianza nacho na nikastaafu nacho.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Xintang kukagua suruali za jinzi. Nilivaa viatu vya kisigino na soksi nyeupe, maana nilidhani naenda ofisini. Sakafu ya kiwanda ilikuwa imefurika maji ya rangi. Kufikia mchana miguu yangu ilikuwa ya buluu mpaka juu ya vifundo, na Jumapili nikaenda nayo hivyo hivyo kanisani, mama mmoja Mkenya akaniuliza kama naumwa. Lakini siku ile nilijifunza mambo ninayoyatumia hadi leo. Kitambaa cheupe kiloweshe kabla ya kusugua, la sivyo rangi haikuambii kitu. Zipu ivute mpaka uchoke wewe. Katoni fungua za chini na za katikati, kwa sababu za juu zimepangwa kwa ajili yako. Na laoban, mwenye kiwanda, akikuletea chai, kunywa, ila futi usiiweke chini.

Aliyenifunza kazi yenyewe, hata hivyo, hakuwa bosi wangu. Alikuwa Fundi Badi, mshona majoho kutoka Mombasa. Alikuwa akija kila baada ya miezi michache kununua vitambaa na nyuzi za zari, na wakati akingoja mzigo wake ukamilike alikaa mtaa wa Kangle, kwenye karakana ya mama mmoja wa Kichina ambaye sote tulimwita Laobanniang, yaani mama bosi. Pale alikuwa na kona yake karibu na dirisha. Wafanyakazi walishona fulana kwa maelfu, cherehani zikinguruma, naye akatarizi kwa mkono na kuwakosoa wote kwa Kiswahili, lugha ambayo hawakuijua hata kidogo.

Msije mkadhani alikuwa mtu mnyenyekevu. Alituambia kwamba Mombasa hapajafungwa ndoa ya maana bila joho lake, na sisi wa bara hatukuwa na namna ya kumbishia. Mara ya kwanza kuniona nikikagua shati alinipokonya. Nilikuwa nimeanza na kola, kama wote. Akaligeuza nje ndani, akanionyesha kwapani, akasema hapo ndipo fundi mvivu hujificha kwa kuwa ndipo mishono minne hukutana. Tangu siku ile nguo yoyote naanza nayo kwapani. Nimehudhuria harusi za watu nikiwa najua bibi harusi fulani gauni lake halitafika jioni, na nikanyamaza.

Alikuwa mjane. Mkewe alifariki binti yao Rukia akiwa bado mchanga, na Fundi alimlea mwenyewe, akimbeba mgongoni huku akikanyaga cherehani, kwa maelezo yake. Katika hilo hakutia chumvi, maana nilikuja kulisikia kwa Rukia mwenyewe.

Sasa niwaeleze habari ya mfalme, maana ndiyo mnayoipenda na kila mtu anaisimulia vibaya.

Ofisi yetu, katika jengo la Tianxiu Dasha, ilihudumia kila aliyekuwa na mzigo, na mmoja wa wateja alikuwa Mpolandi aliyeitwa Roman, mnunuzi wa jinzi, mzee mwenye masharubu mazito na tumbo la heshima. Mji wake mdogo kule kwao ulikuwa na desturi ya kuigiza kila kiangazi maisha ya mfalme wao wa zamani, Yohana wa Tatu, aliyetawala karne ya kumi na saba. Anayecheza mfalme, tangu ujana mpaka kaburini, alikuwa Roman mwenyewe. Mavazi yao yalikuwa yameliwa na nondo. Akatuuliza kama tunaweza kumshonea mapya matano, yaingie kwenye kontena lake la suruali.

Akatandaza picha mezani. Karakana mbili zilikwisha kumwambia meiyou, hakuna, hatushoni hivyo. Fundi Badi alikuwa amepita kuchukua risiti zake, akainama kutazama kama kawaida yake ya kutazama mambo yasiyomhusu. Kanzu ndefu yenye vishikizo mpaka chini. Juu yake vazi pana jekundu, mikono imepasuliwa, pembeni zari. Kiunoni mshipi mpana wa hariri.

"Hili joho," akasema. "Na haya mahazamu. Huyu mfalme wenu ni bwana harusi wa wapi?"

Nikamfasiria Roman, naye akacheka mpaka akakaa. Akatueleza kwamba mabwana wa Poland enzi zile walipenda mavazi ya mashariki, ya Waturuki na Waajemi, na mfalme huyo akiwa kijana alifuatana na mabalozi hadi Istanbul, akajifunza hata lugha yao. Miaka mingi baadaye ndiye aliyekwenda na jeshi lake kuwafukuza Waturuki walipouzingira mji wa Vienna. Fundi Badi akakunja uso. Akaniambia nimuulize vizuri: yaani alikwenda kupigana nao akiwa amevaa nguo zao? Roman akasema ndiyo, tena ilibidi askari wake wafunge majani kwenye mavazi ili wasichanganywe na adui.

Fundi akaitazama picha tena. "Vita ni vyao wenyewe," akasema. "Lakini nguo aliijua. Nitamshonea."

Kwa hiyo wiki zilizofuata nilisoma historia kwa njia ambayo sidhani kama kuna shule inaifundisha. Roman alikuwa akija Kangle kupimwa, na kila vazi alilisimulia, nami nafasiri huku nimeshika futi. Vazi la kwanza la kijana aliyetembezwa Ulaya yeye na kaka yake, kisha kaka akauawa vitani na yeye akabaki kubeba jina la nyumba. Vazi la pili la mwanajeshi aliyempenda mke wa mtu mwingine, akangoja, akamwoa baada ya yule mume kufariki, na akaendelea kumwandikia barua za mapenzi hata akiwa kambini na mwanamke keshamzalia watoto. Fundi alitaka kujua alimwandikia nini. Roman akasema mengine hawezi kuyataja mbele yangu.

Vazi la tatu lilikuwa la kutawazwa. Kule mfalme hakurithi kiti, alichaguliwa na mabwana waliokusanyika uwanjani, wakabishana wakiwa wamepanda farasi wao. Na bunge lao lilikuwa na kanuni kwamba mjumbe mmoja akisema sikubali, shughuli nzima inavunjika. Hapo nilimwelewa Roman bila maelezo zaidi, maana nilikwisha kuhudhuria mikutano ya wafanyabiashara wetu ya kukodi basi moja la kwenda Xintang. Vazi la nne ni la Vienna. La tano la mzee mgonjwa, mnene, ambaye watoto wake waligombana naye akiwa hai, na alipokufa hakuna hata mmoja wao aliyechaguliwa.

Ukataji uliachiwa Laobanniang na watu wake, ila Fundi alilipenda lile la tatu kupita yote. Zari ya kifuani aliitarizi mwenyewe, kwa mkono, hakuruhusu mtu kuigusa.

Kisha Roman akaja kuyajaribu yote. La tano likamkaa vizuri. La nne likambana, ila mishono ingeweza kuachiliwa. La tatu halikufunga, lilibaki wazi kifuani kwa upana wa kiganja. La pili hakuweza kulipitisha mabegani, na la kwanza lingemtosha mpwa wake. Sote tukamgeukia Laobanniang, naye akatushangaa sisi. Miaka yote amewashonea Waafrika wa Kariakoo na wa Gikomba, na Waafrika huagiza kwa reshio: vipande vitano, saizi tano, kuanzia ndogo hadi kubwa kabisa. Vipimo vya Roman alivichukua kuwa ndiyo ile kubwa kabisa. Akauliza kupitia msaidizi wake aliyejua Kiingereza, mtu mmoja ana haja gani na majoho matano ya saizi moja?

Fundi Badi alimrushia maneno ambayo nashukuru hayakufasiriwa. Hata mimi sikupona, kwa kuwa mkaguzi ni nani? Roman peke yake ndiye aliyefurahi. Alisema kwamba mfalme kweli alinenepa hivyo hivyo mwaka kwa mwaka, na kwamba watu wa mji wamechoka kumwona akicheza kijana wa miaka ishirini na tumbo lile. Mavazi madogo atawapa vijana wacheze ujana. Lakini kutawazwa ni kwake, na joho la tatu lazima lifumuliwe, liongezwe vipande, na zari ya kifuani itariziwe upya.

Hapo ndipo tulipobanwa, na siyo na joho.

Ulikuwa ndio wakati wa misako. Tangu mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Beijing mambo yalikuwa yamebadilika. Viza zilikuwa zikitolewa fupi, na ukienda kuomba kuongezewa unaambiwa buxing, haiwezekani, kabla hujamaliza kukaa. Askari walisimama mlangoni Tianxiu, mbele ya lifti, wakidai pasi. Daraja la waenda kwa miguu la Xiaobei, ambako zamani ungekutana na nusu ya Afrika, ungelivuka mchana bila kusalimiwa na mtu. Tulijua watu waliochukuliwa kwa sababu ya viza iliyopita siku chache tu, wakawekwa ndani wiki kadhaa kabla ya kurudishwa kwao. Miaka ya nyuma ungelipa faini ukapanda ndege. Miaka ile hapana.

Viza ya Fundi Badi ilikuwa inaisha Jumamosi. Tiketi yake ilikuwa ya Ijumaa. Na Ijumaa inayofuata, Mombasa, Rukia alikuwa anaolewa.

Kwa ndugu zangu Wakristo mnaosoma hapa: kwa Waislamu baba ndiye anayemuoza binti, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Akikosekana, ami, yaani ndugu wa baba, anaweza kusimama badala yake. Kisheria inatosha. Lakini Rukia alinipigia simu ofisini, tulikuwa hatujawahi kuzungumza, akajitambulisha kwa adabu zote za Pwani, akaniuliza kama mimi ni mzima na ofisini ni wazima, ndipo akasema lililomleta. Baba yake amempigia kumwambia huenda akachelewa, ami yake ajiandae. Naye hataki ami. Akaniambia alibebwa mgongoni na mtu mmoja tu, na huyo ndiye atakayemtoa, ama ndoa ingoje. Kisha akalia, akaniomba radhi kwa kulia.

Nilikwenda Kangle nikiwa nimejaa hasira. Fundi alikuwa amefumua joho lote, limelala mezani vipande vipande kama mbuzi wa karamu. Alijua vizuri kwamba kazi ile haiishi kabla ya Jumamosi. Alikuwa amekusudia kukaa.

"Bi Vero, usinitolee macho," akasema. "Siku tatu nne. N'tajifungia humu ndani, sitoki. Nani atanijua?"

Nikamwambia watamjua uwanja wa ndege, watakapofungua pasi. Akasema atalipa faini. Nikamkumbusha Mkongo tuliyemjua sote, aliyesema vile vile, akawekwa ndani. Mikono yake ikaendelea kushona. Nikamwambia Rukia amelia kwenye simu. Mikono ikasimama.

"Nimempa mtu neno langu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mtu mgeni, wa dini nyingine, amenikabidhi mfalme wao. N'mpe vipande kwenye mfuko wa plastiki nimwambie kwaheri? N'kifika kwangu n'takaaje?"

Nilitoka nje, nikampigia Roman simu, nikamweleza yote, viza, askari, binti, ami. Nilitegemea aseme atafikiria. Alisema yuko njiani, na teksi ilimshusha mwisho wa uchochoro wa karakana kabla chai aliyoniletea Laobanniang haijapoa.

Hakukaa. Alisimama mbele ya Fundi Badi, akaniomba nifasiri neno kwa neno, nisiongeze la kwangu. Nami ndivyo nilivyofanya.

"Kuna kitu sikukusimulia," akasema. "Mfalme wangu alipochaguliwa, hakutawazwa siku ile. Mpaka wa nchi ulikuwa unashambuliwa. Akasema taji lisubiri, akaenda kwanza kule alikohitajiwa. Taji lilisubiri karibu miaka miwili, na hakupungukiwa ufalme hata kidogo. Sasa nani amekwambia kwamba mimi, muuza suruali, siwezi kusubiri? Nenda kwa mtoto wako. Mwaka huu nitatawazwa kwa koti langu la mvua."

Fundi Badi alimtazama, akanitazama mimi kuona kama nimetia maneno yangu. Kisha akaanza kukunja vipande vya joho, kimoja kimoja, bitana kwa bitana, na machozi yakimtoka waziwazi. Laobanniang, ambaye hakuelewa hata neno, alikwenda akaleta karatasi laini ya kufungia hariri, ile anayowawekea wateja wakubwa, akamsaidia kukunja.

Ijumaa tulimsindikiza. Mlangoni Tianxiu, alikokuja kuchukua mabegi yake, askari alimsimamisha. Akaifungua pasi, akatafuta tarehe ya viza kwa kidole, akaisoma mara mbili. Akamrudishia. Tukapakia mabegi kwenye teksi. Kesho yake mtu wa ghorofa ya juu yetu, ambaye sitamtaja, alisimamishwa pale pale na yule yule, na hatukumwona tena.

Wiki moja baadaye Roman alikuwa bado Guangzhou, akingoja jinzi. Ijumaa ile hakwenda Xintang. Alikuja ofisini akiwa amevaa tai, akaketi mbele ya meza yangu, na Fundi akapiga simu kutoka Mombasa kama alivyoahidi, akaiacha wazi. Tulisikia watu, vikombe, Kiarabu cha dua. Tukasikia sheikh akimwambia baba aseme. Akamwambia tena. Nikadhani salio limekwisha.

Halafu sauti yake ikaja, imepasuka katikati.

"Nimekuoza binti yangu Rukia."

Kijana akajibu hapo hapo kwamba amekubali, na kelele za shangwe zikajaa ofisi yangu yote. Roman aliniuliza amesema nini. Nikamfasiria. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Joho lilichukua miezi. Fundi hakutaka kulituma. Alisema safari hii atampima mwenyewe, hataki tena habari za reshio, na kama mfalme analihitaji na aje. Nilipeleka ujumbe kama utani. Roman akapanda ndege.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Rukia kwenye simu. Fundi alimsimamisha Roman katikati ya sebule, akamvisha, akamzungukia, akamgeuza, akaanza kumkagua kwapani. Vishikizo vilifunga vyote. Mume wa Rukia akamfunga mahazamu. Rukia alikuwa ameingia na sinia la chai, ujauzito wa kwanza umeshaonekana, na alikuwa amejiandaa na Kiingereza siku nzima. Aliweka sinia chini, akamwambia: "Wewe ndiye mfalme uliyenirudishia baba yangu."

Roman aliinama mbele yake akiwa na joho lake lote, kama wafalme wanavyofanyiwa, na akakaa ameinama mpaka Fundi Badi akamwambia inatosha, anakunja bitana.